Jahazi Likiwa Magadini: Kazi Iliyoulisha Mji Wetu

Ndugu wanamji, Matondoni inajulikana mwambao mzima kwa kuunda majahazi, na sifa hiyo ni haki ya mafundi wetu. Lakini tukipiga hesabu sawasawa, mji huu haukuishi kwa kuunda pekee. Jahazi huundwa mara moja tu, na baada ya hapo hutengenezwa maisha yake yote. Mwaka huu tunaleta historia ya matengenezo hayo, kwa kuwa ndiyo inayohusu changizo letu.

Kalenda ya wazee wetu ilikuwa upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ilileta vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ilivirudisha makwao. Kusi ilipokaza, mwezi wa Juni na Julai, bahari ilifungwa na vyombo vya mwambao vikatafuta pa kutulia. Mabaharia waliuita wakati huo mapumziko. Kwa mafundi ulikuwa ndio msimu.

Jahazi liliingizwa ufukoni kwa maji ya bamvua, likaachwa lipwelewe, kisha likategemezwa kwa magadi pande zote mbili. Tangu hapo halikuwa na pa kwenda mpaka bamvua la pili, kiasi cha wiki mbili. Kazi isipokwisha, husubiri bamvua jingine. Ndiyo maana shughuli iliyokadiriwa siku kumi iliweza kula mwezi au miwili.

Kwanza mwani na makombe yaliyoganda yalikwanguliwa. Makuti yakawashwa na kupitishwa chini ya chombo ili moto na moshi viwaue wadudu wanaotoboa mbao. Ubao uliooza ukang'olewa, taruma lililovunjika likachongewa jingine. Pamba kuukuu ikatolewa kwenye maungio na chombo kikakalafatiwa upya kwa pamba iliyotiwa mafuta. Mbao za juu zikapakwa sifa ya papa, na za chini zikapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Zamani za mtepe kazi ilikuwa ya namna nyingine: chombo kile kilishonwa kwa kamba za kumbi, bila misumari, na mshono uliolegea ulishonwa tena.

Muda wote huo mabaharia walibaki chomboni. Walilala juu ya sitaha, tanga likiwa paa lao. Mpishi alipika kwenye kisanduku cha mchanga, maji yakichotwa visima vya mjini. Wengi hawakuwa na mshahara. Walikula kwa hisa ya safari, na chombo kilichokaa hakileti hisa. Kwa hiyo walifanya kazi wenyewe: wakasokota kamba, wakashona tanga, wakamsaidia fundi. Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasr Al-Nejdi mpaka Unguja na delta ya Rufiji, aliandika jinsi seremala wao alivyounda mashua nzima juu ya sitaha safarini. Mkono wa baharia haukukaa bure.

Sasa tazameni upande wa mji. Jahazi moja magadini lilihitaji fundi na wanagenzi wake, mkata mbao, mwenye chokaa, msokota kamba, mvuvi wa kuuza kitoweo, na kina mama wa kuuza mikate na mikeka. Malipo mengi yalikuwa kwa ahadi: nahodha aliondoka na deni, akarudi msimu mwingine kulilipa. Deni hilo lilishikwa na neno la mtu, na aliyevunja neno alijua kwamba hapo hatapata tena fundi. Bandari inayojua kutengeneza ndiyo bandari inayorudiwa.

Biashara hiyo ilipungua kidogo kidogo. Lori na meli za chuma zilichukua mizigo. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi, na shehena kubwa ya majahazi ya Lamu ikakatika. Leo mashua nyingi zina injini. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa ng'ambo ya pili, na meli zake hazina haja ya tezo wala pamba.

Hata hivyo majahazi bado yapo. Yapo ya wavuvi, ya watalii na ya mashindano, na yote huvuja. Kinachopungua ni mikono. Fundi akifariki kabla ya kumwachia mwanagenzi kazi, hakuna kitabu cha kuifufua, maana kukalafati hujulikana kwa sikio: nyundo ndiyo inayokuambia kama pamba imekaa.

Ndiyo maana changizo la mwaka huu ni la banda la kazi ufukoni na posho ya vijana watakaokaa na mafundi. Tunaomba kila mmoja atoe awezacho, na hesabu zitasomwa katika mkutano mkuu, risiti kwa risiti.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tuliotawanyika mijini tutarudi. Tuukute ufuko ungali na mtu ajuaye kuziba maji.