Tarikhi ya Moduli Iliyokosekana, Kasulu na Kibondo

Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikipandishwa Buha, zilipo Kasulu na Kibondo, kwa vichwa vya watu zamani sana, kabla reli ya kati haijafika Kigoma mwaka 1914. Na reli ilipofika, iliziacha Kasulu na Kibondo mbali kaskazini, zikingojea kila kitu kwa barabara ya udongo mwekundu. Umeme wa gridi ya taifa nao haukuzifikia ila mwaka 2022, na kabla ya hapo miji hiyo iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Nayataja haya si kwa kulalamika, bali kwa kuwa hitilafu ninayotaka kuieleza tarikhi yake, ile ya programu ya Python kudai moduli isiipate, humdanganya kwa wepesi mtu aliyezoea kukosa kitu kwa sababu hakijafika.

Lugha ya Python ilianzwa na Mholanzi Guido van Rossum katika taasisi ya CWI, Amsterdam, wakati wa Krismasi ya 1989, ikatolewa kwa watu Februari 1991. Muundo wa moduli, yaani kuigawa kazi katika faili zinazoitana kwa amri ya import, aliuazima katika lugha ya Modula-3, na kanuni yake ni nyepesi: mashine haitafuti duniani kote, wala haigusi intaneti, bali huipitia orodha ya folda iitwayo sys.path, ikianza na folda yenye programu yenyewe, kisha zilizotajwa katika PYTHONPATH, kisha maktaba ya asili ya lugha, na mwisho site-packages, yalipo makazi ya vifurushi vya kuongezwa. Ikimaliza orodha bila ya kuona, husimama. Kwa miaka mingi kisimamo hicho kiliitwa ImportError, jina lililositiri aibu za kila namna, hata toleo la 3.6, Desemba 2016, lilipoitenga ModuleNotFoundError kwa ajili ya kile kisichoonekana kabisa.

Na aghalabu kitu kipo. Mwanafunzi anayejifunza nambari za nasibu huhifadhi zoezi lake kwa jina random.py, na mstari wake wa kwanza ni import random. Python hutazama kwanza folda ya zoezi, ikaliona faili lile lile, ikalileta, kisha ikanung'unika kwamba random haina randint. Maskini huifuta Python nzima na kuiweka upya, na hitilafu humngojea palepale, kwani lenye dosari ni jina la faili lake. Ilipita zaidi ya miaka 30 tangu lugha kuzaliwa, hata toleo la 3.13, Oktoba 2024, ndipo mashine ilipofundishwa kumwambia bayana kwamba faili lake limeshika jina la moduli ya asili.

Vitabu vikuukuu navyo vina sehemu yao. Toleo la 3.0, Desemba 2008, liliyageuza majina ya baadhi ya moduli: Tkinter ikawa tkinter, urllib2 ikagawanywa ndani ya urllib, na ingawa Python 2 ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, kitabu cha msaada kilichofika rafuni hakikomi siku hiyo.

Pip ya Ian Bicking, iliyotokea 2008, ilirahisisha kuleta vifurushi, ikazidisha fitina pia, kwa kuwa kompyuta moja huweza kuwa na Python mbili, pip ikaweka kifurushi kwa moja na programu ikaendeshwa na nyingine. Amri ya python -m pip hukata shauri hilo. Mtandao ukikatika, pip hujaribu mara kadhaa, kisha husema haikupata kifurushi kinacholingana, na asiyejua hudhani amekosea tahajia. Dawa yake bila shaka ni kufanya pip download penye mtandao, kuchukua faili kwa flashi, na kuziweka nyumbani kwa --no-index na --find-links, mradi toleo la Python na aina ya mashine vilingane. Kompyuta kuukuu ya biti 32 haitakipokea kifurushi kilichojengewa biti 64.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujafuta wala kupakua chochote, chapisha kwanza sys.executable, yaani njia ya Python inayoiendesha programu yako, pamoja na sys.path, uzisome njia zile mstari kwa mstari.