Umeme wa Holborn na Wenye Barabara

Mtambo wa kwanza duniani kuuzia umma umeme wa makaa ya mawe ulianza kazi London, Januari 1882, kwenye jengo namba 57 katika daraja la Holborn Viaduct. Ulikuwa wa Thomas Edison. Ule wake wa Pearl Street, New York, ambao ndio unaosifiwa zaidi, uliwashwa Septemba mwaka huohuo. Jenereta ya Holborn, yenye tani 27, iliitwa Jumbo, jina la tembo wa Kiafrika aliyekuwa kipenzi cha Waingereza.

Kwa nini Holborn? Kwa sababu daraja lile lilikuwa na njia chini yake, nyaya zikapita bila mtu kushika sururu. Kuchimba barabara za London kulikuwa na wenyewe: kampuni za gesi, zilizokuwa na idhini ya Bunge. Sheria ya umeme ya 1882 nayo iliruhusu halmashauri kuununua mtambo wa kampuni baada ya miaka 21. Nani angetia mtaji hapo? Holborn ilikula hasara, ikafungwa 1886, na taa za barabarani zikarudi kwenye gesi.

Bunge lilipoongeza muda huo hadi miaka 42, mwaka 1888, wawekezaji walijitokeza. Sebastian de Ferranti, kijana wa miaka ishirini na kitu, alijenga mtambo Deptford, kando ya Thames, ambako meli za makaa zilifika na ardhi ilikuwa rahisi, akausafirisha umeme hadi katikati ya jiji kwa volti 10,000. Maofisa wa serikali waliingiwa na hofu. Kuwathibitishia usalama wake, Ferranti akamtaka msaidizi wake ashike patasi, mwingine akaigonga kwa nyundo mpaka ikapenya kebo yenye umeme. Aliyeishika hakudhurika. Leo jaribio hilo lingewafikisha wote mahakamani.

Lakini kila mtaa ulikuwa na umeme wake. Kufikia 1913 London ilikuwa na watoa huduma 65 na masafa 10 tofauti. Ukihama mtaa, huenda balbu zako zisifae. Sheria ya 1926 ndiyo iliyoleta gridi ya taifa, kwa masafa ya hezi 50, na hezi hizohizo ndizo zinazotumika Kenya, Uganda na Tanzania mpaka leo.