Namba 9 Aliyeshuka Chini

Juzi jioni nilipita kuangalia mazoezi ya timu ya mtaani kwetu, nikakuta kocha kampa jezi namba 9 kijana asiyekaa mbele. Anashuka hadi katikati, anaomba mpira, anawagawia wenzake. Inapendeza, jamani. Mzee mmoja pembeni yangu akaguna: "Subiri wafungwe mechi moja tu, uone kama mfumo huu utakuwepo." Nikarudi nyumbani nikiiwaza Manchester City ya 1954.

Chanzo chake mnakijua. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria waliifunga Uingereza 6-3 pale Wembley, na Nándor Hidegkuti, namba 9 wa kushuka, akatia matatu. Beki wa kati Harry Johnston hakujua afanye nini: akimfuata anaacha shimo nyuma, akibaki jamaa yuko huru. City wakauiga mfumo ule, kwanza kwenye timu ya akiba, Johnny Williamson ndiye akishuka, ukawakubali. Basi kocha Les McDowall akaupandisha timu ya kwanza na kumkabidhi Don Revie.

Mechi ya kwanza ya msimu, Agosti 1954, ugenini kwa Preston: wakapigwa 5-0.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia McDowall. Wengine wangerudi kwenye ya zamani kesho yake asubuhi. Yeye aliung'ang'ania, na msimu huohuo City wakafika fainali ya Kombe la FA. Walilala 3-1 kwa Newcastle, ila Jimmy Meadows aliumia mapema na enzi hizo hakuna kuingiza mchezaji wa akiba, kwa hiyo walimaliza wakiwa kumi. Revie akachaguliwa na waandishi kuwa mchezaji bora wa mwaka, na 1955 hiyohiyo akatoa kitabu, Soccer's Happy Wanderer, akiueleza mpango wenyewe. Yaani mtu anawachorea mabeki wa wapinzani ramani ya nyumba yake huku bado anaishi humo! Mie nakipenda kitabu kwa hilo tu.

Kumbe kilichouua si Preston wala kitabu. Revie na McDowall walikosana, na msimu uliofuata Revie akakaa nje muda mrefu. Fainali ya 1956 dhidi ya Birmingham aliingia kwa sababu Bill Spurdle alishikwa na majipu. Majipu! Dakika ya tatu Revie akaanzisha bao la Joe Hayes, City wakashinda 3-1. Wengi huikumbuka mechi ile kwa shingo ya kipa Bert Trautmann iliyovunjika. Mie naikumbuka kwa majipu ya Spurdle. Novemba mwaka huo Revie akauzwa Sunderland, na mpango uliobeba jina lake ukaondoka naye.

Ndiyo maana hofu ya yule mzee haikunisumbua sana. Kufungwa kunavumilika. Ila mazoezi yalipokwisha niliona kijana anavua viatu upande mmoja wa uwanja, kocha anakusanya mipira upande mwingine, na hakuna aliyemuaga mwenzake.