Harrier kabla haijawa Harrier

 

Juzi binamu yangu kanipigia simu saa nne usiku. Ana vijisenti vyake vya miaka mitano benki, anataka gari, na amesoma mahali kwamba kampuni moja inakaribia kutoa ndinga mpya, yale magari ya kifahari madogo madogo yaliyoinuka, ambayo si saluni na wala si shangingi. "Wewe si mwandishi wa habari? Hebu nipimie basi. Nichukue Harrier iliyopo yadi, au nilisubiri hili?" Nikacheka. Gari halijaanza kuuzwa hata huko linakotengenezwa, yeye ameshaanza kulisubiri Dar, tena likiwa mtumba! Akanijibu kwa sauti ya chini: "Unajua kwa nini nauliza." Najua. Nitalieleza hilo mbele.

Baada ya kukata simu nilibaki nawaza. Mtu hupimaje gari ambalo bado hakuna hata mmoja anayelimiliki? Hajalala nalo barabarani, hajalipeleka kwa fundi, hajalijazia mafuta kwa pesa yake. Kuna picha, kuna namba kwenye karatasi, na kuna maneno ya mwenye kuuza. Nikakumbuka kwamba hata Harrier, ambayo leo ukisimama Mwenge dakika tano huwezi kumaliza kuzihesabu, iliwahi kuwa picha na namba tu.

Turudi Februari 1997, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago. Lexus, ambayo ni tawi la kifahari la Toyota lililoanza kuuza magari Marekani mwaka 1989, ilileta gari la maonyesho lililoitwa SLV. Halikuwa la kuuzwa. Lilikuwa la kuwaonyesha watu kitu kinachokuja, na kuwasikiliza wanasemaje.

Ili uelewe kwa nini watu walikuna vichwa, lazima ujue Marekani ya miaka ile ilikuwa imelewa mashangingi. Ford Explorer na Jeep Grand Cherokee zilikuwa zimejaa mitaani, mafuta yalikuwa bei chee, na sheria nayo ilisaidia: magari ya kawaida ya kampuni yalitakiwa kufikia wastani wa maili 27.5 kwa galoni, wakati mashangingi yaliwekwa kundi moja na malori mepesi, ambako kiwango kilikuwa maili 20.7 tu. Tena mengi yalijengwa juu ya chasisi ya pikapu, teknolojia ya zamani iliyokwishajilipa, kisha yakauzwa kwa bei ya viti vya ngozi. Unaona biashara hiyo? Mnunuzi ni baba au mama wa mjini anayempeleka mtoto shule na kwenda sokoni. Tope analiona kwenye televisheni. Lakini anapanda gari refu kama kabati, linarusha kila likikutana na shimo, na linakunywa mafuta kama ngamia aliyetoka safari.

Lexus wenyewe walikuwa na shangingi lao tangu 1996, LX 450, ambalo kwa kweli lilikuwa Land Cruiser iliyovalishwa suti. SLV ilikuwa mnyama mwingine kabisa. Ndani ya ngozi yake alikuwemo Camry, gari ambalo mwaka huo huo wa 1997 liliongoza mauzo ya magari ya kawaida Marekani. Bodi na sakafu yake ni kitu kimoja, bila chasisi ya pembeni. Injini imelazwa upande kwa upande kama kwenye saluni, na kila gurudumu lina springi yake huru.

Wazo la kuinua gari dogo halikuwa geni. RAV4 ilikuwepo tangu 1994 na Honda CR-V ilianza Japani mwaka 1995. Ila hizo zilikuwa gari za vijana, za bei ya kawaida. Swali la 1997 lilikuwa gumu zaidi: je, mtu mwenye pesa ya Mercedes atakubali kulipa zaidi ya dola 30,000 kwa Camry iliyoinuliwa?

Na Mercedes hakuwa mfano wa mdomoni tu, alikuwepo mlangoni. Septemba 1997 M-Class ilianza kuuzwa Marekani, ikitokea kiwanda kipya cha Alabama. Ilikuwa imeshatangazwa na sinema pia, mliotazama The Lost World ya mwaka huo mtaikumbuka ikikimbizana na dinosaria. M-Class ilikuwa na chasisi yake kamili. Ilikuwa na ile gia ya chini ya kutambaa, ambayo dereva akifika kwenye tope anaiingiza na gari linajikokota taratibu kama kobe. Ukiyaweka magari haya mawili kwenye karatasi, ukapiga vema kwa kila kifaa, Mjerumani anashinda mchana kweupe. Gari la Lexus halikuwa na gia ya kutambaa hata kwa pesa ya ziada, na lingine lilivuta magurudumu ya mbele tu.

Kwa hiyo aliyeguna mwaka ule hakuwa mjinga. Alishika rula ambayo kila mtu aliitumia kupimia magari ya aina hiyo, akaona gari limepungua. Mimi ningekuwepo ningeandika hivyo hivyo, na kichwa cha habari kikali juu.

Desemba 1997 gari likaingia sokoni Japani kwa jina la Toyota Harrier, jina la ndege mwindaji wa jamii ya mwewe, na ndiyo maana zile za Japani zina nembo ya ndege mbele. Tangazo lake lilikuwa na kiumbe mwenye kichwa cha simba aliyevaa suti ya sherehe. Ukilitazama tangazo hilo, utaona kwamba watengenezaji walijua vizuri wanauza nini: simba ni wa picha, suti ndiyo bidhaa. Machi 1998 likafika Marekani kwa jina la Lexus RX 300, injini ya V6 ya lita 3.0 yenye nguvu farasi 220.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1999 Marekani peke yake zilikwenda zaidi ya 70,000, na RX ikawa gari linalouzwa kuliko Lexus zote. BMW wakaleta X5 mwaka huo huo, nayo haina chasisi wala gia ya kutambaa. Wakafuata Acura MDX, Volvo XC90, Nissan Murano. Na kinachonifurahisha mimi kuliko vyote: mwaka 2005 Mercedes walipotoa kizazi cha pili cha M-Class, ile chasisi waliyojivunia ilikuwa imetupwa. Mshindi wa karatasini alikuja kumuiga aliyeshindwa!

Hapo waandishi wengi wa magari huishia, wakisema wanunuzi waliona mbali kuliko wakosoaji. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu gari hilo lilikuwa na maisha ya pili, na maisha hayo ya pili yalikuwa kwetu.

Mwaka 2009 mjomba wangu, baba yake huyu binamu, alinunua Harrier ya kizazi kile cha kwanza, yenye injini ya lita 2.2. Nyeusi, vioo vyeusi, na nyuma mtu alikuwa amebandika nembo ya Lexus ambayo haikuzaliwa nayo. Mjomba hakuuliza ilitoka wapi. Jumapili aliiosha mwenyewe, hakumruhusu mtu. Gari limeinuka, lina matairi mapana, basi sisi wote tuliamini ni gari la kwenda popote. Hakuna aliyewahi kuinama kutazama chini.

Aprili 2010 bibi yetu akafariki kijijini, juu kabisa huko Usambara, upande wa Mtae. Tuliondoka Dar usiku, mjomba akiendesha, mimi na binamu nyuma. Hadi Lushoto lami, gari linateleza kama siagi, mjomba anasema "mnaona?" Masika ilikuwa imepamba moto. Tulipopita Lukozi barabara ikawa tope jekundu, na kwenye mlima mmoja mdogo tu, wala si wa kutisha, Harrier ikaanza kuzungusha magurudumu ya mbele hewani huku nyuma imetulia kama jiwe. Haikuwa na kitu cha kusukuma nyuma. Tulishuka tukasukuma, tukakata matawi tukatandika, tukavua viatu. Land Rover kuukuu ya abiria ilitupita imejaa watu hadi juu ya mizigo, ikinguruma polepole kwa gia yake ya chini. Haikuweza hata kusimama pale kutusaidia, ingekwama nayo.

Tulifika saa kumi jioni. Walikuwa wameshazika tangu baada ya adhuhuri, maiti ya Kiislamu haisubirishwi. Mjomba alikwenda kaburini na tope hadi magotini. Sikumwona akilia, lakini Harrier ile aliiuza kabla mwaka haujaisha, na hakusema neno baya juu yake.

Nasema haki: gari halikumdanganya mjomba. Kila kilichokosekana kilikuwa kimeandikwa tangu 1997. Wale wagunaji wa karatasini, ambao Marekani iliwaona wamepitwa na wakati, walikuwa wamemwandikia mjomba wangu bila kumjua. Kipimo chao hakikufaa kwa njia za lami za Marekani, kikafaa miaka 13 baadaye kwenye mlima wa Lukozi. Mjapani aliyechora Harrier alikuwa na mnunuzi wake kichwani, na mnunuzi huyo hakuwa na bibi Mtae.

Upo pia upande wa pili, mambo ambayo hata mpimaji hodari asingeweza kuyaona mapema. Mwaka 2002 Toyota ililazimika kuwahakikishia wenye magari Marekani kwamba itatengeneza injini zilizoharibika kwa oili kugeuka tope zito ndani. Yalihusika magari zaidi ya milioni 3 ya miaka ya 1997 hadi 2002, RX 300 ikiwemo, pamoja na injini ile ile ya lita 2.2 iliyokuwemo kwenye Harrier ya mjomba. Mwanzoni kampuni ilisema kosa ni la wateja wasiobadilisha oili kwa wakati, baadaye ikaongeza dhamana hadi miaka minane. Sasa niambie, nani angeliona hilo Chicago, gari likiwa limesimama kwenye zulia na injini imezimwa? Namba ya nguvu farasi unaweza kuipima siku ya kwanza. Tope la oili linahitaji miaka mitano na mtu mvivu wa sevisi. Na mtu huyo kwetu hapungui, tuseme ukweli.

Kuna na la ushuru, ambalo huko Japani sidhani kama kuna aliyeliwazia kwa ajili yetu. Harrier za kizazi cha kwanza na cha pili zote zilikuwa na injini zaidi ya lita 2.0, kwa hiyo bandarini kwetu ziliangukia kundi la ushuru wa bidhaa wa juu zaidi, asilimia 10. Kizazi cha tatu kilichotoka mwishoni mwa 2013, hiki mnachokiita Anaconda, kina injini ya cc 1,986. Hizo cc 14 pungufu ya 2,000 zinakushusha kwenye kundi la asilimia 5. Kwa mnunuzi wa Dar namba hiyo ina uzito kuliko nguvu farasi zote, lakini hutaikuta kwenye tathmini yoyote iliyoandikwa Chicago au Tokyo.

Basi nikampigia binamu. Nikamwambia hilo gari jipya siwezi kumpimia, na atakayemwambia anaweza amtilie shaka. Nikamuuliza swali moja tu: kijijini anakwenda mara ngapi kwa mwaka?

"Idi," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na misiba."

Jana kanitumia picha kutoka yadi. Harrier Anaconda ya mwaka 2014, nyeupe, inang'aa. Picha ya kwanza ya mbele, ya pili ya viti. Ya tatu ilikuwa na kiza, nikachukua muda kuielewa: alikuwa amelala chali kwenye kokoto na simu mkononi, kapiga picha chini ya gari, upande wa nyuma. Hakuna difu. Na muuzaji alikuwa amemwapia kwamba inavuta magurudumu yote manne.