Mpini na Makali: Wilaya za Vyuo vya California

Kijana aliyemaliza sekondari Fresno mwaka 1910, katikati ya mashamba ya mizabibu, alikuwa mbali na chuo kikuu kwa karibu kilomita 300. Sheria ya 1907, iliyosukumwa na seneta Anthony Caminetti, ilikuwa imeziruhusu sekondari za California kuongeza masomo ya baada ya kuhitimu. Bodi ya shule ya Fresno ikawa ya kwanza kuitumia. Illinois ilikwisha kutangulia, kwa chuo cha Joliet, mwaka 1901. Lakini ni California iliyokigeuza chuo kuwa mali ya wenyeji.

Mageuzi hayo yalikuja mwaka 1921. Sheria mpya iliwawezesha wakazi wa eneo kuunda wilaya ya chuo iliyojitegemea, yenye bodi ya kuchaguliwa kwa kura na inayoendeshwa kwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo hilo. Mji wa Modesto ukawahi mwaka huohuo. Msomaji wa Afrika Mashariki asipotoshwe na neno "wilaya": hapa hakuna mkuu wa wilaya wala askari wake. Ni mpaka uliochorwa kwa ajili ya chuo tu.

Mwaka 1960 Gavana Pat Brown alitia saini mpango mkuu wa elimu ya juu. Chuo Kikuu cha California kingechukua wahitimu kutoka sehemu ya nane bora, vyuo vikuu vingine vya jimbo kutoka theluthi bora, na vyuo vya wilaya vingempokea kila mwenye uwezo wa kufaidika. Bila ada.

Wilaya ya vyuo ya Los Angeles ilipotengwa na ile ya shule mwaka 1969, wagombea zaidi ya 100 walijitosa kuwania viti saba vya bodi. Aliyeongoza kwa kura alikuwa mwanasheria kijana, Jerry Brown, mwana wa Pat. Ndicho kiti chake cha kwanza cha kuchaguliwa.

Miaka tisa baadaye Jerry alikuwa gavana wapigakura walipopitisha Pendekezo la 13, lililoibana kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani. Alilipinga, kisha akalazimika kulitekeleza. Tangu hapo fedha nyingi za vyuo ziligawiwa kutoka Sacramento: makao makuu ya jimbo yakashika mpini, wilaya zikabaki na makali. Bodi ziliendelea kuchaguliwa, ila hazikuwa tena na kodi zao za kupanga. Mwaka 1984 ada ya kwanza ya jimbo zima ikaingia, dola 50 kwa muhula.

Mwaka 2018, akiwa gavana tena na akikaribia kung'atuka, Jerry Brown aliidhinisha wilaya ya ajabu kuliko zote. Calbright inafundisha kwa mtandao, haina eneo lake, na wajumbe wa bodi yake hawachaguliwi na wananchi. Wengi wao huteuliwa na gavana.