Mwendokasi au treni? Swali lililonikuta TP

Niko huku Tarime kwenye TP, nafundisha Jiografia. Juzi tulikuwa kwenye mada ya usafirishaji, dogo mmoja wa Form Two akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini Dar walijenga njia za mabasi, wasijenge treni ya umeme kama Ethiopia?" Nikamjibu haraka haraka kwamba hela hazikutosha. Darasa likaridhika, mimi roho ikanisuta.

Jibu lenyewe lina historia ndefu. Curitiba, Brazili, walianza kulipa basi barabara yake peke yake mwaka 1974. Walitaka kubeba watu wengi kama treni bila gharama ya reli. Bogotá, Colombia, wakafuata mwaka 2000, na miji mingi ikaanza kuiga.

Kwetu mwendokasi ulianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, kama kilomita 21. Addis Ababa walitutangulia kidogo: Septemba 2015 walizindua treni nyepesi ya umeme, zaidi ya kilomita 30, kwa dola milioni 475 hivi, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Na tusisahau, Dar treni ilikuwepo. Oktoba 2012 ile "treni ya Mwakyembe" ilianza kubeba watu Ubungo hadi Stesheni, juu ya reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905.

Kilichofuata ndicho somo. Addis treni zikaanza kuharibika, vipuri vinatoka mbali, na baada ya miaka michache nyingi zikawa zimepaki. Dar nako hatukupona: mabasi yakapungua, watu wakasongamana vituoni, na Msimbazi ulipofurika pale Jangwani huduma ikasimama zaidi ya mara moja.

Treni ya umeme inabeba watu wengi kwa dereva mmoja na haitoi moshi. Basi linaanza kwa gharama ndogo, na njia ikifungwa linaweza kuzunguka. Ila vyote viwili vinakufa kwa ugonjwa mmoja: matunzo.

Huku kwetu reli hatuna, tunajua michomoko. Na kila mtoto wa Tarime anajua mchomoko usio na spea unaishia kuwa banda la kuku.

Kwa hiyo kesho namrudia yule dogo, nimwambie jibu langu halikutosha. Hela ya kujenga hukopwa. Hela ya spea mwaka wa kumi nani anaitoa?

Naomba kuwasilisha.