Tende za Jemna, ahadi za Rabat

Wanaoandika kuhusu mageuzi katika nchi za Kiarabu hupenda kuupima ugatuzi kwa sanduku la kura: mabaraza mangapi yamechaguliwa, wanawake wangapi wameingia, vijana ni asilimia ngapi. Ukiziweka Tunisia na Morocco ubavu kwa ubavu, kipimo hicho hakitoshi. Tunisia iliandika ugatuzi katika katiba baada ya kumfukuza rais. Morocco iliuandika kwa ridhaa ya mfalme aliyekusudia kubaki. Kote kuwili kura ilishuka mitaani. Fedha haikushuka nayo.

Jemna ni mji mdogo wa mitende katika mkoa wa Kebili, kusini mwa Tunisia. Shamba lake kubwa la tende za deglet nour lilitwaliwa enzi za ukoloni wa Kifaransa. Baada ya uhuru wa 1956 wenyeji walitarajia kurudishiwa. Dola ikalishika yenyewe, ikalikabidhi kwa shirika la umma la maziwa (naam, la maziwa), kisha ikalikodisha kwa wawekezaji wawili. Januari 2011, utawala wa Rais Ben Ali ukiyumba, watu wa Jemna waliingia shambani na hawakutoka. Wakaunda jumuiya, wakaajiri vibarua na wafanyakazi zaidi ya 100, na fedha za mavuno zikajenga madarasa na soko la tende lenye paa, zikanunua na gari la wagonjwa.

Oktoba 2016 serikali ilitamka kuwa mnada wa mavuno ya mwaka ule ni batili. Mnada ukafanyika hadharani vilevile, na akaunti za jumuiya zikafungwa. Kisheria serikali ilikuwa na hoja: ardhi ya umma haigawiwi kwa kuvamiwa. Lakini serikali hiyohiyo ilikuwa ikitawala kwa katiba ya 2014 yenye sura nzima juu ya mamlaka za mitaa. Mji mmoja ulipojitawala kweli, na kwa faida, wakubwa wa Tunis waliuona kama kesi ya jinai.

Tusidhani kwamba Tunisia ilikosa asasi za kiraia zenye nguvu. Shirikisho la wafanyakazi la UGTT, lililoanzishwa 1946, pamoja na chama cha waajiri, watetezi wa haki za binadamu na wanasheria, ndio waliowakalisha wanasiasa mezani mwaka 2013, nchi ilipokaribia kupasuka baada ya wanasiasa wawili wa upinzani kuuawa. Wakapewa Nobeli ya Amani mwaka 2015, na waliistahili. Ila kazi yao ilikuwa kuiokoa dola. Kuigawanya dola hiyo ili mikoa kama Kebili na Sidi Bouzid ipate sehemu yake ni kazi nyingine, na haikupata msukumo kama ule.

Ndiyo maana uchaguzi wa manispaa wa Mei 2018 ulikuja ukiwa nusu mtupu. Sheria ya serikali za mitaa ilipitishwa chini ya wiki mbili kabla ya kura. Manispaa 350 zikapata madiwani, na orodha za wagombea huru zikavipiku vyama vyote. Mji mkuu ukapata meya mwanamke kwa mara ya kwanza. Mgawo wa manispaa katika matumizi ya dola, hata hivyo, ulikuwa takriban asilimia 4 tu. Diwani alichaguliwa kwa shangwe kisha akaenda kuomba mafuta ya gari la taka.

Morocco ilipita njia nyingine. Baada ya maandamano yaliyoanza 20 Februari 2011, Mfalme Mohammed VI alitoa katiba mpya inayoahidi mikoa yenye madaraka mapana, na mwaka 2015 mikoa 16 ikawa 12 yenye mabaraza ya kuchaguliwa. Kando ya kila rais wa baraza, lakini, yupo wali, mwakilishi wa serikali kuu anayeteuliwa katika kikao kinachoongozwa na mfalme. Huyo ndiye mwenye kauli.

Al Hoceima, katika milima ya Rif, ilionyesha maana yake. Oktoba 2016 mchuuzi wa samaki, Mouhcine Fikri, alipandia gari la taka kuokoa shehena yake ya chuchunge iliyokamatwa na polisi, mashine ikamsaga. Walioandamana baada ya kifo chake walidai hospitali ya saratani, chuo kikuu na kazi. Mradi mkubwa wa maendeleo wa eneo lao ulikuwa umezinduliwa mbele ya mfalme mwaka mmoja nyuma, na ulikuwa umekwama. Kiongozi wao, Nasser Zefzafi, alihukumiwa miaka 20. Mawaziri waliozembea walifukuzwa na mfalme mwenyewe. Baraza la mkoa, lililochaguliwa na wenyeji, halikuonekana kuwa na neno katika adhabu wala katika suluhu.

Machi 2023 Rais Kais Saied aliyavunja mabaraza ya manispaa ya Tunisia kwa amri, na yakazimika bila kishindo. Nani atoke barabarani kutetea baraza lililoshindwa kuzoa taka? Ya Morocco yangali yapo, yalichaguliwa upya Septemba 2021, na nadhani yanadumu kwa sababu hayamkoseshi mtu usingizi katika mji mkuu, Rabat.

Walioukosesha mji huo usingizi ni wanawake wa ardhi za kikabila, waitwao soulaliyate. Kuanzia 2007, karibu na Kenitra, walihoji kwa nini ardhi ya ukoo ikiuzwa fidia huenda kwa wanaume peke yao. Hawakugombea udiwani. Wakisaidiwa na chama cha wanawake, waliidai ardhi yenyewe, na sheria ya 2019 ikawatambua kuwa na haki sawa na wanaume. Mlezi wa ardhi hizo, kama ilivyo tangu amri ya kikoloni ya 1919, ni mamlaka ya serikali kuu. Leo ni wizara ya mambo ya ndani, wizara ileile ya mawali.